Siku Konservateri Alipovuka Mstari Wake

Tangu nirudi kutoka milimani siwezi kushona pindo moja bila mtu kusimama mlangoni na kuniuliza, "Mama Asifiwe, ni kweli mlilala porini na ng'ombe?" Mwingine ameambiwa nilitekwa. Mwingine, na huyu ni rafiki yangu wa kwaya kabisa, alisikia kwamba nimeolewa huko juu. Basi naandika mara moja, msome wote, kisha mniache nimalize sare za watoto kabla shule hazijafunguliwa.

Kwa asiyenijua: mimi ni fundi cherehani hapa Kimanga, mjini Uvira. Mama yangu ni Mfuliiru, baba yangu ni Murundi wa Mutarule, na Kifaransa nilifundishwa na masista. Siku moja konservateri, yaani mkuu wa hifadhi ya msitu wa milimani, alikuja kuchukua suruali za walinzi wake. Alinikuta nikigombana na wateja watatu kwa lugha tatu, kila mmoja akidai nguo yake ilipaswa kuwa tayari jana. Alikaa kwenye benchi mpaka nikamaliza. Wote watatu walikuwa wameondoka wakicheka, na hakuna aliyeondoka na nguo.

"Mama," akasema, "mkalimani wangu ana malaria. Twende Mulambi."

Mulambi ni kijiji cha juu kabisa, kinachogusana na msitu. Serikali ilikuwa imetangaza msitu ule kuwa hifadhi, lakini mpaka wenyewe, upite wapi na uache nini, ulikuwa bado haujakubaliwa na watu wa kijiji. Kazi yake ilikuwa kukaa nao hadi wakubaliane. Vita ilikuwepo, sihitaji kuwaambia, ila mwezi ule ilisemekana huko juu kumetulia. Mume wangu aliniuliza kama nimepata wazimu, halafu akaenda kunitolea koti lake.

Kutoka Kimanga hadi bariyeri

Konservateri anaitwa Papa Deo. Ni mtu wa Bukavu, mnene, mwenye sauti ya chini, na siku ile alivaa bote mpya za mpira zilizong'aa kama sufuria ya bibi harusi. Mgongoni alikuwa amejifunga bomba refu la bati. Ndani yake kulikuwa na ramani, na hakutaka hata motari, yaani dereva wa pikipiki, aliguse.

Tulikuwa na pikipiki mbili. Tulipita Kavimvira bila neno, tukaanza kuona tambarare ya Ruzizi, upepo mzuri usoni, na mimi nikaanza kufikiri kwamba safari hii ni starehe. Kisha tukafika bariyeri, kizuizi cha askari.

Askari wawili walituona kwa mbali. Walilala chini. Mmoja akapiga kelele kutoka kwenye mtaro, "Shusha iyo roketi."

Papa Deo akageuka nyuma kutazama roketi iko wapi. Alivyogeuka, bomba nalo likageuka, likawaelekea moja kwa moja. Motari wangu alizima pikipiki, akanong'ona, "Mama, shuka polepole," na yeye mwenyewe akashuka haraka sana.

"Iko ramani," nikasema kwa sauti. "Iko karatasi tu, baba."

"Karatasi ya nini inakaa mu bomba?"

Mkubwa wao alitoka kibandani akiwa na kijiko mkononi. Alilitazama bomba kwa mbali, akalitazama tumbo la Papa Deo, akaona huyu si mtu wa kubeba roketi. "Weye iko nani?"

"Konservateri."

"Konservateri ya nini?"

"Ya msitu."

"Msitu nayo iko na chef?" Aliwaza kidogo. "Fungua."

Ramani ikatandazwa juu ya meza yao, mawe yakawekwa kwenye kona. Ilikuwa kubwa, ya rangi, na mistari ya milima kama alama za vidole. Mkubwa akaanza kutafuta kijiji chake. Yeye ni mtu wa Kasai, mbali sana na hapa. Papa Deo akamweleza kwa adabu kwamba ramani hii inaonyesha milima ya hapa peke yake.

"Basi iko nusu ramani," mkubwa akasema, akarudi kwenye sahani yake.

Lakini askari mmoja kijana, yule aliyekuwa wa kwanza kulala chini, aliinama juu ya karatasi. Kidole chake kilikuwa kwenye ukingo kabisa, mahali pameandikwa jina dogo karibu likatike. "Hapa njo kwetu," akasema. Akawaita wenzake. Aliwaonyesha mto, akawaonyesha kilima ambapo kaka yake alivunjika mguu, ingawa pale kwenye karatasi hapakuwa na kitu ila doa la kijani. Hakuwa amefika nyumbani tangu vita ianze. Kila tulipotaka kukunja ramani aliomba tungoje kidogo, na Papa Deo, ambaye nilidhani atachukia, alikaa kwenye jiwe akamwuliza kama kule kwao mianzi bado iko mingi. Motari wote wawili walilala usingizi. Jua lilikuwa limepanda sana tulipoondoka, na yule kijana ndiye aliyetuinulia ule mti wa kuzuia njia.

Runingu, tukingoja mto

Huko milimani mvua ilikuwa imenyesha, na tulipofika Runingu mto ulikuwa umejaa, mwekundu, ukibeba migomba mizimamizima. Njia ya kupanda inauvuka mto ule. Hakukuwa na la kufanya ila kwenda kwa Shangazi, dada wa baba yangu, aliyeolewa pale miaka mingi.

Shangazi hakuuliza tumetoka wapi. Aliuliza tumekula nini. Akasonga bugali wa muhogo, akaleta ndagala, dagaa wetu, waliokaangwa na pilipili, na sombe, majani ya muhogo, iliyopikwa na mawese mpaka ikawa laini kabisa. Papa Deo alikula vizuri, kisha akafanya kosa la kusema kwamba ndagala ni wazuri, ila sambaza, dagaa wa kwao Bukavu, zina mafuta zaidi.

Shangazi akaweka mwiko chini. "Mwana wa kaka," akaniambia kwa Kirundi, "huyu mtu anaumwa?"

"Anasema chakula ni kitamu," nikajibu.

"Nimesikia neno sambaza."

Mabishano hayo yalidumu mpaka jioni na kuendelea kesho yake, kwa sababu mto haukushuka. Niliyatafsiri yote. Nilijifunza kuhusu samaki wadogo mambo ambayo sitayatumia kamwe. Kesho yake Shangazi alipojua kazi ya mgeni wake, aliingia ndani, akavaa kitenge cha Jumapili, akarudi na kukaa mbele yake.

"Kama weye njo mukubwa wa nyama za pori," akasema kwa Kiswahili ili asipitie kwangu, "kiboko yako ilikula mahindi yangu yote. Itarudishwa lini?"

Papa Deo akaeleza kwamba viboko wa mto Ruzizi hawako chini yake, yeye ni wa msitu wa juu.

"Kwa hiyo nyama ya juu iko na mwenyewe, nyama ya chini haiko na mwenyewe?"

"Mama, kuna ofisi nyingine."

"Iko wapi?"

Nilimwona Papa Deo amekosa raha kweli. Baadaye, tulipokuwa tunaangalia mto, aliniambia kwamba kila anapokwenda watu wanamkabidhi wanyama wote wa dunia na makosa yao yote, na ya kwamba wana haki. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona si kama mteja tu.

Kupanda

Mto uliposhuka tuliwaacha motari, tukaanza kwa miguu. Gardi mmoja alikuja kutupokea. Gardi ndivyo sisi tunavyowaita walinzi wa pori. Huyu anaitwa Byamungu, mwembamba, mcheshi, na alikuwa amevaa suruali niliyoishona mwenyewe, ikiwa imemfika juu ya vifundo. Tulitazamana. Hakuna aliyesema kitu kuhusu vipimo.

Sitawaeleza mlima. Mlima ni mlima. Bote za Papa Deo, ambazo zilikuwa nzuri sana kwenye barabara, hazikuwa na meno, na kwenye matope alikuwa akipanda hatua mbili na kushuka moja. Mara ya tatu alipoanguka, wanawake waliokuwa wakishuka na mizigo ya maharagi walisimama kutuangalia kwa huruma. Mmoja akamkatia fimbo. Mwingine akamwuliza Byamungu mzee huyu anapelekwa wapi akiwa mgonjwa.

"Yeye njo chef yangu," Byamungu akasema.

"Pole," akasema yule mama, na sikujua pole ile ilikuwa ya nani.

Juu, hewa ilibadilika. Baridi iliingia kwenye mikono ya koti la mume wangu. Ziwa lilionekana chini, la buluu, jembamba, na Burundi upande wa pili kama iliyochorwa. Tukakaa, tukala viazi vya kuchoma. Papa Deo alisema hajawahi kuliona ziwa zuri hivi. Nikamwambia hata samaki wake wanaonekana watamu zaidi kutoka hapa. Akacheka mpaka akakohoa.

Mulambi, mkutano wa kwanza

Kitu cha kwanza tulichokiona Mulambi kilikuwa kibao cha hifadhi. Kilikuwa kimeandikwa kwa Kifaransa, rangi nyeupe juu ya kijani: marufuku kuingia. Kilikuwa ni mlango wa zizi la mbuzi. Kilikaa vizuri, kwa bawaba za mpira wa tairi. Papa Deo alikitazama muda mrefu.

"Angalau mbuzi wanaheshimu," akasema.

Mkutano ulifanyika kanisani, kwa sababu ya mvua. Shefu wa kijiji alikuwepo, mtu mpole asiyependa ugomvi, lakini aliyeongoza watu kweli alikuwa Mama Nabintu, mkubwa wa wanawake wanaochuma uyoga na kukata mianzi. Alikaa mbele kabisa, mikono magotini.

Hapa lazima nikiri kazi yangu haikuanza vizuri. Papa Deo alizungumza kwa Kifaransa na Kiswahili cha Bukavu, na mimi nikatafsiri kwa Kifuliiru. Kwa neno la kuhifadhi nilichagua neno la mama yangu, la kijijini kwao. Kumbe Mulambi neno lile maana yake ni kuficha. Basi nikawaambia, kwa sauti safi, kwamba Leta, yaani serikali, inataka kuuficha msitu wao, kwamba utafichwa kwa ajili ya watoto na wajukuu, na kwamba hata watu wa nje ya nchi wanafurahi ukifichwa. Watu waliangaliana. Mzee mmoja akauliza msitu mkubwa vile utafichwa chini ya nini.

Ilichukua muda kujua tumepotelea wapi. Kanisa zima lilicheka, na mimi pia, na nikadhani kicheko kile kimetufungulia njia. Papa Deo akatandaza ramani, akaonyesha mstari. Akaeleza kwamba miti iliyopakwa rangi nyekundu ndiyo alama yake. Ng'ambo ya alama hakuna kuwinda, hakuna kukata, hakuna kuchunga ng'ombe, hakuna kuingia bila ruhusa.

Mama Nabintu alisimama. Hakupandisha sauti.

"Papa, nauliza neno moja. Risasi zikilia, sisi tunakimbilia pale. Mama yangu alinibeba pale. Minye nimebeba watoto wangu pale. Siku ile tutakuomba ruhusa wapi?"

Nilitafsiri. Papa Deo aliitazama ramani kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa mahali fulani kwa herufi ndogo. Kisha akasema swali ni zuri, na litapelekwa ngazi ya juu.

Nililitafsiri vile vile lilivyo. Sikuwa na njia ya kulifanya liwe bora. Mama Nabintu akachukua kikapu chake akatoka, na nyuma yake wanawake wote, na nyuma yao wanaume. Tulibaki na shefu, Byamungu, na mvua juu ya bati. Shefu akasema pengine tule.

Ng'ambo ya alama nyekundu

Asubuhi yake tulikuwa tunakunywa uji nyumbani kwa shefu. Papa Deo alikuwa ameamua kwamba tukae, tuanze upya, na alikuwa ananiuliza namna ya kuomba radhi kwa Kifuliiru. Ndipo tukasikia risasi kutoka mgongo wa kilima upande wa pili. Chache kwanza, kisha nyingi.

Nataka niwaambie jambo lililonishangaza. Hakuna aliyepiga mayowe. Kijiji kizima kilisimama kama watu waliomaliza ibada. Sufuria zikafungwa kwa vitenge, watoto wakapanda migongoni, mbuzi wakafunguliwa mlango wa kibao wakaachwa wajitafutie. Watu wakaanza kutembea kwa haraka kuelekea msituni, na mimi nikajikuta nimebeba mtoto nisiyemjua, mzito, mwenye kiazi mkononi.

Tulipofika kwenye mti wa kwanza wenye rangi nyekundu, Papa Deo alisimama.

Sijui alifikiri nini. Nimemwuliza baadaye, naye anasema hakufikiri kitu, miguu ilisimama yenyewe. Watu walimpita kulia na kushoto kama maji yanavyopita jiwe. Byamungu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwazuia watu hawa hawa, alipita na sufuria mbili kichwani. Risasi zikalia tena, karibu zaidi. Mama Nabintu alirudi nyuma, akaushika mkanda wa lile bomba la ramani, akamvuta kama mtu anavyovuta mbuzi mgumu.

"Kuya, Papa," akasema. "Ruhusa nimekupa."

Hivyo ndivyo konservateri alivyoingia hifadhini.

Siku za msituni

Tulitembea mpaka mahali wanapopajua wao, penye chemchemi chini ya mianzi minene. Hapakuwa pori kama nilivyodhani. Palikuwa na mahali pa wazazi wenye watoto wachanga, mahali pa wazee, na mahali pa haja mbali na maji. Moto ulikatazwa mpaka ukungu ushuke, kwa kuwa ukungu humeza moshi. Mwanzi mbichi wa karibu na chemchemi haukatwi, maana ndio pazia. Kuwinda hakuna, mbwa hubweka. Papa Deo alikuwa akiuliza, mimi nikitafsiri, na karibu kila sheria aliyoambiwa ilikuwa ile ile aliyokuja nayo yeye.

Tulikula viazi baridi, uyoga, asali yenye nyuki ndani yake. Niliogopa, sitasema uongo. Lakini watu wakiwa pamoja hawawezi kuogopa mchana kutwa. Watoto walianza kumwiga Papa Deo anavyoteleza na bote zake, na wazee wakawakanya huku wakificha midomo.

Siku ya pili walikuja ng'ombe.

Tuliwasikia kwanza. Kisha akatokea mzee mrefu mwenye fimbo, Sebagabo, mchungaji kutoka mabonde ya juu, pamoja na wake za wanawe, watoto, na kundi la ng'ombe. Walikuwa wanakimbia bunduki zile zile. Wanaume wa Mulambi wakasimama. Kati ya wakulima wa pale na wafugaji kulikuwa na maneno mengi tangu vita ianze, na sasa ng'ombe wale wangeweza kutuitia kifo kwa mlio mmoja. Mikono ilishika mapanga. Sebagabo naye hakurudi nyuma. Nyuma yake watoto wadogo walikuwa wamekaa chini, wamechoka.

Papa Deo akaniambia, "Tafsiri."

Mama Nabintu alisema kwa Kifuliiru, "Mwambie aondoe pembe zake hapa kabla hatujamchinja yeye pamoja nazo."

Nikamgeukia mzee, nikasema kwa Kirundi, ambacho yeye anakisikia vizuri kwa kuwa lugha yake iko karibu, "Mama anasema poleni na safari. Ana wasiwasi na sauti za ng'ombe."

Sebagabo akajibu bila kumwacha Nabintu kwa macho, "Mwambie msitu huu nimelala humu wakati yeye bado analambishwa uji."

"Mzee anasema," nikamwambia Nabintu, "anaujua msitu huu tangu zamani, anaweza kusaidia."

"Mwambie msaada wake auweke pale alipotoka."

"Mama anauliza ng'ombe wanaweza kukaa upande gani."

"Mwambie nitakaa ninapotaka."

"Mzee anasema kuna bonde nyuma ya mianzi, mlio haufiki mbali."

Hilo la bonde nilibuni. Nilikuwa nimeona mteremko wakati wa kuchota maji, basi. Byamungu, aliyekuwa nyuma yangu, alianza kukohoa kwa namna ya mtu anayekufa kwa kicheko. Sebagabo alinitazama. Akageuka polepole kuangalia ule mteremko. Kisha wote wawili, yeye na Nabintu, wakamgeukia Papa Deo kwa pamoja, kwa kuwa kisheria, na kila mtu pale alijua, ng'ombe hata mmoja hakutakiwa kuwa ndani ya mstari ule.

Papa Deo alikuwa amekaa kwenye gogo, matope mpaka magotini. Mtoto niliyembeba alikuwa amelala akiegemea bomba lake.

"Ng'ombe waende bondeni," akasema. "Watoto wote wapate maziwa. Wote."

Hakuna aliyepiga makofi. Sebagabo aliwapigia mluzi ng'ombe wake, wakashuka. Jioni kabla ukungu haujashuka vizuri, mke wa mwanawe mkubwa alileta kibuyu cha maziwa, akakiweka kati ya watoto wa Mulambi, na Mama Nabintu akaenda kumpelekea viazi. Walisalimiana kwa Kiswahili.

Baadaye Sebagabo alinijia nikiwa naosha uso kwenye maji.

"Mwana wangu," akaniambia kwa Kifuliiru kizuri kuliko changu, "umetafsiri vizuri sana."

"Mzee unasikia Kifuliiru?"

"Tangu utoto. Nimeuza ng'ombe kwa baba yake Nabintu. Na yeye anasikia lugha yangu yote."

"Sasa mbona mliniacha niseme?"

"Tulikuwa na hasira," akasema. "Ilifaa mtu apitishe maneno polepole."

Siku zilizobaki tulizungumza. Mkutano ulioshindikana kanisani ulifanyika pale, watu wamekaa juu ya majani, sauti za chini. Asubuhi moja Papa Deo alikwenda kidogo ndani na Nabintu, mzee Sebagabo na mimi, akasimama ghafla mbele ya majani yaliyolaliwa, mengi, kama vitanda. Ni viota vya gorila, wamelala pale juzi tu. Tangu apewe kazi alikuwa amekaa ofisini Uvira kwa sababu ya vita, hajawahi kuviona ila kwenye picha. Alitueleza kwa kunong'ona: wanajenga kitanda kipya kila siku, mama hulala na mtoto, wakisikia bunduki huhama wasirudi muda mrefu.

"Kumbe na bo banakimbilia hapa," Mama Nabintu akasema.

Nafikiri ndipo Nabintu alipoelewa mtu huyu anatafuta nini, na si kwa sababu ya tafsiri yangu.

Walibishana bado, msidhani waliimba pamoja. Nabintu alitaka mianzi yote. Papa Deo alikataa, akampa ile ya nje ya alama na uyoga kila mahali. Sebagabo alitaka malisho ya kiangazi, akakataliwa, akanuna siku nzima. Kuwinda wote walikubali kuacha, isipokuwa mzee mmoja aliyesema ataacha akishindwa kutembea. Mstari ulibaki pale ulipo. Lakini kutoka chemchemi mpaka bonde la ng'ombe, walikubaliana kwamba siku ya risasi mtu yeyote anaingia na mifugo yake, bila kuuliza, bila kuulizwa. Papa Deo alitoa ramani, akachukua kipande cha mkaa, akapachora. Mkono wake ulichafua nusu ya mlima.

"Bukavu watasema nini?" nikamwuliza.

"Watasema nimeharibu ramani," akajibu.

Kushuka

Tulitoka msituni risasi ziliponyamaza. Mulambi ilikuwa imeporwa, nyumba mbili zimeungua, ila hakuna mtu aliyekufa. Tulikaa siku moja kusaidia kufagia, kisha tukashuka. Papa Deo alishuka bila kuanguka mpaka karibu na Runingu, akaanguka mbele ya wanawake wale wale wa maharagi.

Kwa Shangazi tulikula tena. Alitutazama tulivyokonda, akatupakulia mara mbili, na neno sambaza halikutajwa na mtu yeyote. Lakini Papa Deo alimwambia ameuliza njiani ofisi inayohusika na viboko, na akaahidi kwenda naye mwenyewe. Wameshakwenda. Wameambiwa warudi. Shangazi anasema hajali, wanarudi wote wawili, na safari hii atavaa viatu.

Bukavu haijajibu mpaka leo. Papa Deo amepita hapa dukani mara mbili, amekaa kwenye benchi, akaniambia wengine ofisini wanamwona ameuza msitu, wengine wanamwona ameuokoa, na wote wanasubiri mwingine aamue.

Ila wiki iliyopita alikuja kwangu mama mmoja wa Mulambi aliyeshuka kuuza maharagi, akitaka gauni la kubatizia mjukuu. Akaniambia risasi zililia tena kule juu. Wakafunga sufuria, wakabeba watoto, wakaenda. Sebagabo na ng'ombe wake walikuwa wameshatangulia. Kwenye mti wa rangi nyekundu Byamungu alikuwa amesimama, na suruali yake fupi, na bunduki begani. Nilimwuliza kama aliwaambia kitu.

"Alitutazama mmoja mmoja," akasema. "Halafu akauliza, nani angali nyuma? Tukamwambia bado Mama Nabintu, anamvuta bibi mmoja anayekataa kuacha kuku. Byamungu akaweka bunduki chini, akarudi kuwaleta."

"Na kuku?"

"Nao aliwaleta."